Aliyekufa na Ufunguo Mfukoni

Picha ilinifikia kwenye WhatsApp saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, mwezi Mei 2023, nikiwa kitandani Yeoville na umeme umekatika tangu usiku wa manane. Ilikuwa picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imeenda upande, na mwanga wa tochi umemeza maneno ya kona ya juu. Chini yake fundi wetu, kijana wa Bukavu aliyekuwa zamu usiku ule, alikuwa ameandika: "Kaka, mashine ni nzima lakini haifanyi kazi. Nikiiuliza orodha ya mafaili inajibu. Nikihifadhi kitu inanyamaza. Nimeziua programu, hazifi."

Hazifi. Neno hilo ndilo lililonitoa kitandani. Kwenye Linux programu yoyote huuliwa kwa amri ya kill yenye namba 9, isipokuwa ile iliyolala ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wenyewe, ikisubiri kitu na haiwezi kuamshwa mpaka kitu hicho kipatikane. Orodha ya programu huionyesha kwa herufi moja, D. Kijana alinitumia picha ya pili: herufi D kumi na saba zimepangana juu hadi chini kama ndoo kwenye foleni ya bomba. Mbele ya foleni ile kulikuwa na kitu kimeshikwa, na aliyekishika hakuwepo tena.

Nilikuwa na miaka minane Johannesburg wakati huo. Ofisi yetu ilikuwa Braamfontein, watu sita, na tulitengeneza masanduku ya kuhifadhia data: seva yenye diski kadhaa, Linux ndani yake, na mfumo wa faili tuliouandika wenyewe kama moduli ya kerneli, tukijifunza mengi kutoka XFS, mfumo mwingine wa faili wa Linux. Sanduku lililogoma lilikuwa kwenye kituo cha kupiga eksirei upande wa Ekurhuleni. Kituo hufunguliwa saa moja asubuhi, na picha za wagonjwa huandikwa humo moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Niliingia kwenye gari gizani. Roboti, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, zilikuwa zimezimika zote, na kwenye kila makutano madereva walipeana zamu kwa kuangaliana.

Mwaka ule mgao wa umeme ulifika pabaya kuliko mwaka wowote kabla yake. Ngazi ya 6 maana yake shirika la umeme, Eskom, linaondoa hadi megawati 6,000 kwenye gridi ya nchi nzima, na mwezi ule wa Mei tulilala na ngazi ya 6 tukaamka nayo. Kwa mtu wa mifumo ya faili kila mkato ni mtihani, kwa sababu zipo diski zinazosema uongo. Kerneli inaiambia diski, hakikisha haya yameandikwa. Diski inajibu, tayari. Kumbe maandishi bado yamo kwenye kumbukumbu yake ya muda. Betri ya akiba ikichoka dakika hiyo, sehemu moja ya taarifa imefika kwenye sahani na nyingine imepotea, na daftari la mabadiliko, ambalo lingepaswa kutuokoa, linaaminishwa jambo ambalo halikutokea.

Hilo lilikuwa limetokea usiku ule. Lakini uongo wa diski peke yake haukupaswa kuigomesha mashine. Kilichoigomesha ni mstari mmoja nilioandika mimi.

Sisi tunaoandika msimbo wa aina hii huuwekea madai. Dai ni mstari unaosema: hapa jambo hili ni kweli, na kama si kweli basi mimi mwandishi siielewi tena programu yangu. Diski yetu iligawanywa katika makundi ya bloku, na kila kundi lina kichwa chake chenye hesabu mbili: jumla ya bloku zilizo huru, na urefu wa mfululizo mrefu kuliko yote wa bloku huru zilizofuatana. Hesabu ya pili haiwezi kuizidi ya kwanza. Haiwezekani, kama ambavyo huwezi kuwa na noti ya randi 200 mfukoni wakati pesa zako zote ni randi 150. Kwa hiyo niliandika dai: mfululizo mrefu usizidi jumla. Na nililiandika mstari mmoja tu chini ya ule unaofunga kufuli la kundi.

Kufuli lenyewe ni la lazima. Nyuzi nyingi za kazi hukimbia kwa wakati mmoja ndani ya kerneli, na mbili zikizipunguza hesabu hizo pamoja, faili moja litaandikwa juu ya jingine. Kwa hiyo uzi unaotaka bloku hufunga kufuli, husoma kichwa, huchukua bloku, huandika hesabu mpya, hufungua kufuli, huondoka. Yote hayo ni chini ya kufumba na kufumbua. Wengine husubiri mlangoni, na hawana wasiwasi, kwa sababu aliyemo ndani hajawahi kukawia.

Alfajiri ile, saa kumi na dakika chache, umeme wa jenereta ulipoliwasha sanduku, uzi mmoja ulifunga kufuli la kundi la 7 na kusoma kichwa kilichosema bloku huru ni 1,024 na mfululizo mrefu ni 1,031. Dai likaanguka. Toleo tulilokuwa tumeliweka pale lilikuwa la uchunguzi, kwa sababu wiki mbili kabla tulikuwa tunatafuta kasoro nyingine na hatukurudi kuliondoa. Katika toleo la uchunguzi dai likianguka huita BUG, na BUG huiambia kerneli: uzi huu umechanganyikiwa, uue hapo ulipo. Kerneli ikatii. Uzi ukafa mstari mmoja baada ya kufunga kufuli, na mistari kumi na minane kabla ya kulifungua.

Kuanzia hapo kila aliyehitaji bloku kutoka kundi la 7 alifika mlangoni akalala. Kusoma kuliendelea kama kawaida, na ndiyo maana nusu saa nzima ilipita kabla kijana hajagundua kitu. Kisha mtu wa zamu ya usiku akajaribu kuhifadhi ripoti, na uzi wake, ukiwa tayari umefunga kufuli la saraka, ukaenda kulala mlangoni pa kundi la 7. Sasa saraka nayo haikugusika. Aliyeitaka saraka alikuwa ameshika kufuli la daftari. Ndivyo mkwamo unavyotambaa: hauenei kwa kishindo, unapanda ngazi moja moja, kutoka kufuli hadi kufuli, mpaka mashine nzima inasimama huku feni zinazunguka na taa ya kijani inawaka.

Nilipofika nilimkuta kijana amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kompyuta mapajani. Hakuwa ameizima mashine. Nilimshukuru kwa hilo na namshukuru mpaka leo, maana wengi wangevuta waya. "Nimeona maandishi yanapita kwenye skrini, kaka, nikasema nisiguse kitu. Nimeyatafuta kwenye faili la kumbukumbu, hayamo."

Tulilifungua faili pamoja. Mstari wa mwisho ulikuwa wa saa kumi na dakika mbili, salamu ya kawaida ya mashine inayoamka. Baada ya hapo, kimya.

Nilikaa nikitazama kimya hicho kwa muda. Tuliweka faili la kumbukumbu kwenye mfumo uleule wa faili, kwa kubana gharama ya diski ya ziada. Kerneli ilikuwa imesema kila kitu kwa sauti: jina la faili la msimbo, namba ya mstari, njia nzima ya miito. Maneno hayo yalikuwa kwenye kumbukumbu ya mashine na kwenye skrini. Lakini programu inayoyabeba kuyapeleka kwenye diski ilihitaji bloku mpya, ikaenda kuomba kundi la 7, na yenyewe ikawa D ya tatu kwenye orodha. Habari za kifo zilikuwa zimekwama nyuma ya maiti. Kama kijana angevuta waya, tungebaki na mashine iliyofufuka, data iliyopinda, na hakuna hata neno moja la kutuambia nini kilitokea. Ushahidi wote wa asubuhi ile ni picha mbili za simu.

Tuliizima kwa njia ya mwisho, ile ya kuiandikia kerneli herufi moja kwenye faili la dharura ili iwashe upya bila kuaga, kwa sababu amri ya kawaida ya kuwasha upya ilitaka kwanza kuuondoa mfumo wa faili kwa adabu, na adabu ilihitaji kufuli. Ukarabati ulichukua saa moja na nusu. Watu walikaa kwenye mabenchi ya nje na bahasha zao za daktari. Mama mmoja mwenye mkono uliofungwa kitenge aliniuliza kama mimi ndiye wa mashine. Nikamjibu ndiyo, mama, ni mimi, na samahani.

Jirani yangu Yeoville ni mzee wa Katanga, fundi umeme aliyefanya kazi miaka mingi chini ya ardhi katika mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, mpaka uliposimamishwa mwaka 1993. Jioni ile alinikuta nimeketi ngazini, akauliza nini kimenikuta, nami nikamweleza kwa lugha nyepesi niliyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia habari za kufuli lake.

Chini ya mgodi, alisema, kabla fundi hajagusa mashine, anazima swichi na kuitia kufuli lake mwenyewe lenye kibao cha jina. Ufunguo ni mmoja, nao uko mfukoni mwake. Wakiwa mafundi watatu, makufuli ni matatu. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua, hata mkubwa wa zamu, kwa sababu kufuli lile linasema: humu ndani kuna mtu.

"Na akizimia humo, mzee? Au akipanda juu na kulisahau?"

"Ah, mwanangu. Hapo hawakati kufuli. Kwanza wanamtafuta mtu. Wanahesabu vibao, wanauliza nani amemwona. Wakimpata, wanahakikisha mikono yake haiko tena kwenye mashine, na mashine wanaikagua ameiacha vipi. Kisha ndiyo wanakata, mbele ya mashahidi, na inaandikwa."

Sikulala mapema usiku ule. Mzee alikuwa amenieleza kitu ambacho miaka kumi ya kuandika kerneli haikuniwekea wazi. Hatari za kufuli la marehemu ni mbili, na zinavutana. Ukiliacha, wote watasubiri milele. Ukilikata tu bila kukagua, unamruhusu mwingine aingie penye kazi iliyoachwa nusu: hesabu moja imepunguzwa, nyingine bado. Kerneli yetu ilichagua ubaya wa kwanza. Wapo wanaochagua wa pili kwa kudhani wanasaidia.

Wenye lugha na viwango wameshalifikiria hili kabla yetu. Kiwango cha POSIX kina aina ya kufuli ambalo mwenyewe akifa, anayefuata halisubiri milele. Analipata pamoja na jibu linalosema mwenye kufuli amefariki, na ni juu yake kukagua alichokikuta kabla ya kutangaza kwamba kufuli ni salama tena. Lugha ya Rust nayo: uzi ukipata hofu ukiwa umeshika kufuli, kufuli linafunguka lakini linatiwa alama ya sumu, na kila anayelishika baadaye anaambiwa. Hizo ni taratibu za Kipushi zikiwa zimeandikwa kwa msimbo. Makufuli ya kawaida ya kerneli ya Linux hayana kitu hicho. Kufuli ni namba kwenye kumbukumbu. Likishafungwa linamwamini aliyelifunga, na hakuna anayepita kuhesabu vibao.

Kwa hiyo ndani ya kerneli swali lazima aliulize mwandishi wa dai, siku anayoandika dai: likianguka hapa, mkononi nitakuwa nimeshika nini? Mimi sikuliuliza. Nilifikiri dai ni swali la ukweli tu. Kumbe ni swali la mahali pia. Dai lilelile, mstari mmoja juu ya kufuli, lingeua uzi mmoja na kumkera mtu mmoja. Mstari mmoja chini yake lilisimamisha kituo kizima.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, amelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi, na maelekezo rasmi ya kerneli yanawataka waandishi wasiongeze BUG mpya. Waonye kwa WARN, kisha watoke kwa utaratibu na kosa mkononi. Sababu yake kubwa ni hiihii ya makufuli. Anayeua uzi ndani ya kerneli hajui umeshika nini, na mara nyingi anaua pia uwezekano wa kusoma kilichotokea. Mimi naongeza la kwangu: kuua uzi mmoja ni chaguo baya kuliko yote mawili yaliyo kandokando yake. Kama hali ni ya kutisha kweli, isimamishe mashine nzima papo hapo, iamke upya, daftari la mabadiliko lirudiwe, kila kufuli lizaliwe jipya. Mteja atapoteza dakika tano. Kama si ya kutisha kiasi hicho, baki hai, tangaza, fungua ulichofunga, rudisha kosa. Mtu anayekufa peke yake na ufunguo mfukoni hajasaidia upande wowote.

Wapo wenzangu waliosema dawa ni kuyaondoa madai yote kwenye toleo linalokwenda kwa mteja. Nilikataa na nakataa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Bila dai lile, uzi ungeendelea na hesabu ya noti ya 200 ndani ya pochi ya 150, ungegawa bloku saba ambazo si zake, na eksirei ya mtu mmoja ingeandikwa juu ya kifua cha mtu mwingine bila mashine kupiga hata kelele. Heri foleni ya D kumi na saba kuliko hilo.

Tulichofanya ni kuyapitia madai yetu yote, moja baada ya jingine, wiki tatu, mimi na wenzangu wawili. Yalikuwa 412. Swali la kwanza lilikuwa: dai hili linauliza kuhusu msimbo wangu au kuhusu diski? Hapo ndipo nilipoona kosa langu la kwanza, lililotangulia hata lile la kufuli. Hesabu 1,024 na 1,031 hazikutoka kwenye msimbo. Zilisomwa kwenye sahani ya chuma iliyopitia mgao wa ngazi ya 6. Diski ni mgeni. Mgeni haaminiwi kwa dai, anakaguliwa mlangoni, na akikutwa na kasoro anarudishwa na barua. XFS hufanya hivyo: kichwa kikisomwa kutoka kwenye diski hukaguliwa, na kikiwa kimepinda aliyeomba hurudishiwa kosa linalosema muundo unahitaji kusafishwa. Kisha ikibidi mfumo mzima wa faili hujifunga kwa utaratibu: kila ombi jipya linapewa kosa, kila aliyeshika kufuli analifungua akiwa njiani kutoka, na wanaosubiri wanaamshwa waambiwe kwamba duka limefungwa. Hakuna anayelala mlangoni. Tuliyahamisha madai 97 kwenda upande huo.

Yaliyobaki, yale ya msimbo wenyewe, tuliyapa swichi. Kwenye mashine zetu za majaribio Braamfontein yanaisimamisha mashine nzima na kuhifadhi kumbukumbu yake yote ili tuisome. Kwa mteja yanaonya, yanaufunga mfumo wa faili, yanatoka. XFS ina swichi ya namna hiyo pia, na nilijiuliza kwa nini niliwahi kuisoma bila kuielewa. Maneno ya kerneli sasa yanatumwa kupitia mtandao kwenda mashine nyingine, hayapiti kabisa kwenye diski yanayoilalamikia.

Katika upekuzi ule binti mmoja wa Nairobi, aliyekuwa nasi kwa mafunzo, aliniletea dai lililomkera. Lilikuwa mwanzoni mwa kazi fulani na lilisema: kufuli limefungwa. "Lakini, kaka, hili halisemi limefungwa na nani." Nililisoma mara mbili. Alikuwa sahihi kabisa. Kwenye mashine yenye shughuli nyingi kufuli lile karibu kila mara limefungwa na mtu fulani, kwa hiyo dai linapita hata kama anayeuliza ameingia mikono mitupu. Lilikuwa limepita miaka miwili. Tukalibadilisha na lile la lockdep, chombo ambacho Ingo Molnar alikiingiza kwenye Linux mwaka 2006, ambacho hukumbuka kila uzi umeshika kufuli gani na kwa mpangilio upi, na ambacho huuliza swali lenyewe: limefungwa na mimi? Siku ya kwanza ya majaribio dai jipya likaanguka mara nne. Njia mbili za msimbo zilikuwa zikigusa hesabu za kundi bila kufuli lolote, tangu mwanzo.

Yule binti alikuwa na miezi minne kazini. Nilimwambia aandike yeye maelezo ya badiliko lile, na ayaandike kwa jina lake.

Mwezi Agosti, umeme ulikatika tena kule Ekurhuleni na betri ikachoka kabla ya jenereta kushika. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ikalia. Kijana wa Bukavu, picha moja tu, iliyonyooka. Kichwa cha kundi la 3, hesabu mbili zisizopatana, jina la faili, namba ya mstari, na chini yake maneno kwamba mfumo wa faili umefungwa kwa utaratibu. Chini kabisa, alama ya kusubiri amri, inapepesa. Hakukuwa na D hata moja.

"Nianze kukarabati, kaka?"

Nikamwomba anisubirie dakika mbili. Nilifungua mashine yetu ya Braamfontein kutoka nyumbani, nikalikuta faili la kumbukumbu lina mistari 41, nikaanza kuisoma kuanzia wa kwanza.